Nani wa Kukaa na Dalia?

Mwenyekiti wetu, mama zangu, baba zangu, na vijana mliojitokeza asubuhi hii, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba shina hili lipite mikononi mwenu. Anza nalo wewe dada, kisha mpe jirani yako, lizunguke mpaka kule nyuma. Ni dalia niliyoikata alfajiri. Msiitazame tu. Ipimeni uzito kiganjani. Inuseni. Halafu igeuzeni, mwangalie pale mkasi ulipopita.

Wale mlioishika mmeona. Kichwa ni kizito, petali zimelaliana kama vigae vya paa na hakuna upenyo. Harufu ni ya majani mabichi, basi; manukato utayatafuta usiyapate. Na shina ndani ni tupu kama mrija. Waazteki wa Meksiko, nchi ambayo dalia ni mwenyeji wa milima yake, walikuwa na jina acocotli, ambalo hufasiriwa kuwa bomba la maji. Wataalamu wa Ulaya walikuja kulibadilisha. Mwaka 1791 Antonio José Cavanilles, aliyekuwa Madrid, aliliita ua hili kwa heshima ya Anders Dahl, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, na jina likabaki. Mimi bado nalipenda lile la kwanza, kwa sababu linaeleza tabia ya mmea wenyewe, na tutalirudia tukifika kwenye chombo cha maua.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: dalia nipande na nini? Muulizaji mara nyingi ameona ua jekundu lenye upana wa sentimita 25, moyo umemwenda mbio, na anatarajia nimtajie maua mengine makubwa yenye rangi kali kama hilo. Hapo ndipo bustani nyingi zinapoharibika. Dalia, alizeti na selosia nyekundu zikibanana kwenye tuta moja, kila moja inapiga kelele na hakuna inayosikika. Ninachowaomba leo mfanye kinyume. Ua hili limejaliwa mengi na limenyimwa machache. Mchagulieni mwenzi mwenye yale liliyonyimwa, na mhakikishe mwenzi huyo anakubali maji na udongo ambao dalia inautaka.

Limenyimwa nini? Buluu, kwanza. Dalia ina nyeupe, njano, rangi ya chungwa, waridi, zambarau, na wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi. Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, lakini dalia za bustani zina nane, ndiyo maana ukipanda mbegu zake watoto hawafanani na mama wala hawafanani wao kwa wao. Pamoja na utajiri huo wote, dalia ya buluu halisi haijapatikana. Buluu inabidi tuiazime.

Mahali ninapopenda kuiazima ni kwa Salvia patens. Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana sijaona mmea unaostahili zaidi kuwa jirani wa dalia. Nao ni wa Meksiko. Chini ya ardhi una viazi kama dalia. Juu unafika nusu mita hivi, na ua lake ni mdomo ulioachama, buluu tupu, buluu ambayo ukiiona mara ya kwanza unasogea karibu kuhakikisha. Hautoi maua mengi kwa siku moja. Mawili matatu kwenye kila bua, kesho mengine. Uchache huo ndio uzuri wake. Ukiweka miche mitatu mbele ya dalia ya njano au ya rangi ya chungwa, njano inageuka dhahabu, na jicho linapata pa kupumzikia. Na kwa wale wenye baridi ya kugandisha udongo, wanaolazimika kung'oa viazi vya dalia na kuvihifadhi ndani, salvia hii inang'olewa siku hiyohiyo na kuhifadhiwa vilevile. Ratiba moja, kazi moja.

Kama dalia zenu ni ndefu, za mita moja na nusu, salvia hiyo itapotea miguuni. Hapo tafuteni ile inayoitwa 'Amistad', neno la Kihispania lenye maana ya urafiki. Hii ni ya zambarau, vikonyo vyake ni vyeusi, inapita mita moja bila shida, na nyuki hawabanduki.

La pili ni harufu. Kuna mmea mwingine kutoka hukohuko Meksiko, tuberosi, ambao Waazteki waliuita omixochitl, ua la mfupa, kwa weupe wake. Unatoa bua lililonyooka lenye maua meupe yanayofunguka kutoka chini kwenda juu, na harufu yake inapanda jua likizama. Dalia ni duara na tuberosi ni mstari; dalia imejaa rangi na tuberosi haina. Vyote viwili vinataka jua kamili, udongo wenye rutuba na maji wakati wa kukua. Ni chanda na pete. Onyo moja tu: ndani ya chumba bua moja linatosha. Ukiweka manne, wenye pua nyepesi wataumwa kichwa.

Rihani pia inaleta harufu, hasa ile yenye mabua ya zambarau, na inaziba vizuri sehemu ya chini. Maana dalia, mkiiangalia vizuri, haipendezi miguuni. Kadiri inavyorefuka majani ya chini yanakauka, na kinachobaki ni mabua makavu na kijiti cha kuegemeza. Rihani, au alisumu nyeupe inayotambaa, inaufunika utupu huo. Iacheni mbali na shina kwa kiasi cha kiganja kimoja. Ukiifikisha mpaka kwenye shina lenyewe utakuwa umewajengea makoa nyumba yenye kivuli na unyevu, na makoa hawana chakula wanachokipenda kuliko chipukizi jororo la dalia.

Kisha kuna hewa. Hili ni gumu kulieleza kwa maneno, lakini simameni mbele ya tuta lenye dalia tupu siku ya upepo. Haziyumbi. Zimefungwa kwenye vijiti, vichwa vimekaa kama mawe. Sasa chomekeni katikati yake nyasi ya mapambo yenye mashuke mepesi, au verbena ndefu ya Amerika Kusini, Verbena bonariensis, ambayo bua lake ni jembamba kama waya, linaweza kukaribia kimo cha mtu wa wastani na kuishia na vishada vidogo vya zambarau. Unaweza kuipanda hata mbele ya dalia, kwa sababu unaona upande wa pili. Upepo mdogo ukipita, tuta zima linatembea. Shamari ya majani ya kahawia nayo inafanya kazi hiyo, tena inawaita wale nzi wadogo wenye mistari kama nyigu ambao watoto wao wanakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea. Ikateni vichwa kabla mbegu hazijakomaa, la sivyo mwaka unaofuata mtakuwa na shamari kila mahali.

Kuna rangi ya majani pia, ambayo watu huisahau. Dalia ya zamani iitwayo 'Bishop of Llandaff', iliyozalishwa Cardiff miaka ya 1920, ina ua jekundu juu ya majani meusimeusi, na uzuri wake nusu nzima ni hayo majani. Dalia za majani ya kijani zinaweza kuazima weusi huo kwa ua la kana lenye majani ya zambarau. Wapo wanaotumia mbarika mwekundu, na kwa kweli unapendeza, lakini mbegu zake ni sumu inayoua. Penye watoto mimi siupandi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonigharimu msimu mzima, na ndilo ninalotaka mlibebe hata kama mtasahau majina yote niliyoyataja.

Mwaka mmoja nilipanda viazi kumi na viwili vya dalia, na siku ileile nikatawanya mbegu za kosmosi kati yake. Nilifikiri nimefanya hesabu nzuri: vyote viwili asili yake Meksiko, vyote vinapenda jua, kosmosi nyepesi na dalia nzito. Mbegu zilihitaji unyevu juu ya udongo, nikawa namwagilia kila asubuhi. Baada ya wiki mbili kosmosi zilikuwa zimeota kama manyoya. Dalia kimya. Wiki ya tano nikafukua taratibu kwa vidole. Viazi vinne vilikuwa vimeoza, laini kama ndizi iliyopitiliza, na vina harufu mbaya. Vile vinane vilivyopona viliota chini ya kivuli, vikatoa bua moja moja jembamba, lililoinama kutafuta mwanga. Mwisho wa msimu nilipong'oa, viazi vipya vilikuwa vyembamba kama kidole changu cha mwisho.

Wenzi nilikuwa nimewachagua sawasawa. Kilichonishinda ni wakati. Kiazi cha dalia kinapolala ardhini hakina mizizi ya kunywa maji; kina akiba yake ndani, na ukikilowesha kila siku kinaoza. Mche mdogo na mbegu vinataka kinyume cha hapo. Kwa hiyo siku hizi napanda kiazi sentimita 10 hadi 15 chini, kwenye udongo wenye unyevu wa kawaida uliokwisha kupata joto, na simwagilii mpaka nione ncha ya kijani. Dalia zikifika sentimita 30 nakata ncha ya juu ili zitoe matawi. Wiki hiyo ndipo ninapoleta wenzi, na nawaleta wakiwa miche, si mbegu. Kosmosi naiweka nusu mita kutoka kwenye dalia, upande ambao kivuli chake hakiifikii.

Nafasi msiionee uchungu. Dalia fupi ipeni sentimita 45, kubwa 75 na kuendelea, na mwenzi mhesabuni kama mwenye mahitaji kamili. Tuta lililobanana halipitishi hewa, na hewa isipopita mtaona ubwiri unga, ile vumbi nyeupe juu ya majani, ikianzia chini. Zinia nayo inaupata ugonjwa huohuo kwa urahisi. Sisemi msiziweke pamoja, maana zinia na dalia kwenye rangi zinaelewana sana. Nasema ziacheni zipumue, na mwagilieni shinani, si juu ya majani.

Na kuna wale ambao hawawezi kukaa pamoja kabisa. Lila na fila havitangamani. Naombwa sana nipange dalia na lavenda. Naielewa tamaa hiyo: kijivu na zambarau mbele ya dalia ya waridi, pamoja na ile harufu. Lakini lavenda inataka udongo mkavu, wenye mchanga, usio na mbolea nyingi. Dalia iliyokwisha kukua ni mlafi wa maji. Mwagilia kwa kina mara mbili tatu kwa wiki, zaidi kukiwa na joto, na uipe rutuba ya kutosha. Ukiiridhisha dalia, mizizi ya lavenda inaoza. Ukiiridhisha lavenda, dalia inatoa maua madogo na majani yanalegea mchana. Rosmari ni hivyohivyo. Wapandeni mbali, kila mmoja na ardhi yake, wakutane mezani. Nanaa ina kosa jingine: maji inakubali, lakini mizizi yake inatambaa chini mpaka katikati ya viazi, na siku ya kung'oa utalia. Iwekeni kwenye chungu.

Kuhusu wadudu nitasema machache, kwa sababu yanasemwa mengi yasiyo na msingi. Wengi wenu mmeambiwa mche mmoja wa tagetesi kila pembe unafukuza kila kitu. Mizizi ya tagetesi kweli ina kemikali inayopunguza minyoo fundo, ile minyoo midogo inayovimbisha mizizi, kwenye udongo, ila matokeo ya maana yanapatikana ikipandwa kwa wingi, tuta zima, kwa miezi kadhaa, kabla ya kuleta mmea mwingine. Mche mmoja pembeni ni pambo, na ni pambo zuri. Nasturtiamu inavuta vidukari kwake, jambo linalosaidia ikiwa tu mnapita kila siku mbili kuwaondoa; mkiwaacha mmewafugia dalia jeshi la jirani. Na vidukari msiwadharau, wanahamisha virusi vya dalia kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Mkiona majani yenye mabaka ya njano kando ya mishipa na mmea umedumaa, ng'oeni wote. Na mkasi usafisheni kabla ya kugusa mmea unaofuata.

Twende mezani sasa. Hapa kanuni ni ileile, ila inabana zaidi, kwa sababu kwenye chombo kuna jambo jipya: muda.

Dalia ikishakatwa haifunguki tena vya kutosha. Tumba ulilolikata likiwa limefumba litabaki hivyo mpaka linyauke. Kwa hiyo ikateni ikiwa imefunguka robo tatu au zaidi, asubuhi mapema au jua likizama, na kabla ya kukata geuzeni ua mtazame mgongo. Petali za nyuma zikiwa ngumu na mbichi, kateni. Zikiwa zimeanza kuwa laini, au kahawia kama karatasi, liacheni. Halitamaliza siku mbili. Likiwa zima litawapa siku nne hadi sita. Tofautisheni pia tumba na ua lililokwisha, maana vinafanana: tumba ni la mviringo, lililokwisha lina ncha. Nimeona watu wakikata matumba na kuacha mazee, kisha wanashangaa mmea umeacha kutoa.

Na sasa lile bomba la maji. Shina tupu likiingia hewa halinywi. Ninachofanya ni hiki: nakata upya, natumbukiza mabua kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, vichwa vikiwa pembeni mbali na mvuke, naviacha saa moja mpaka maji yapoe. Kisha maji safi, kivulini, masaa machache kabla ya kupanga. Wapo wanaodharau hatua hii, mimi siiruki. Ila ni ya dalia peke yake. Msitumbukize rihani humo.

Mwenzi wa chomboni si lazima awe yule wa bustanini. Ile salvia ya buluu niliyoisifu inaangusha maua yake mezani jioni hiyohiyo, kwa hiyo inabaki nje. Kama mnataka buluu ndani, tumieni agapanthasi. Tuberosi inakuja na heshima yote, tena inaendelea kufunguka siku dalia zinapochoka, hivyo ukibadilisha dalia, mpango wenyewe unabaki. Rihani ikatwe mabua yakiwa yamekomaa na kuanza kuwa magumu. Ile changa inalegea ndani ya saa moja, lakini iliyokomaa inakaa muda mrefu na mara nyingine inatoa mizizi ndani ya chombo. Mchicha wa maua, ule wenye mikia mirefu inayoning'inia, unapendeza kuliko unavyodhaniwa. Vueni majani yake yote kwanza, kwa sababu yananyauka kabla ya mkia na kuuvunjia sifa. Na mkaratusi wa majani ya kijivu unafanya kazi ambayo lavenda ingeifanya, bila kudai chochote.

Kuna dalia moja nataka niizungumzie peke yake, 'Café au Lait'. Wengi wenu mnaitaka kwa harusi. Hakuna maua mawili yake yanayolingana: moja la rangi ya krimu, lingine waridi hafifu, lingine kama embe lililochanganywa na maziwa, yote kutoka mmea mmoja. Watu wanaizungushia maua meupe, wakidhani weupe ni salama. Weupe safi unaifanya ionekane chafu. Jaribuni kahawia na zambarau iliyofifia, yaani shamari yenye majani ya kahawia, rihani ya mabua meusi, shuke la nyasi lililokauka nusu. Mara moja ile krimu inapata mwanga.

Kupanga kwenyewe: chagueni chombo chenye shingo, au wekeni ndani waya wa wavu uliokunjwa, kwa sababu vichwa ni vizito na mabua yanateleza. Anzeni na majani. Halafu dalia tatu, kila moja kwa kina chake, na moja kati yao ielekezeni pembeni ili mgongo wake uonekane. Vyembamba na vyepesi viingie mwisho, vipite juu ya dalia. Jani lolote litakalozama majini litolewe. Maji yabadilishwe kila siku, chombo kikae mbali na jua, na mbali na bakuli la matunda yanayoiva, kwa sababu matunda hayo yanatoa gesi ya ethilini inayozeesha maua.

Lile shina nililowapa naona limefika nyuma, na limerudi likiwa na petali pungufu. Si neno. Pale ukutani kuna ndoo tatu: ya kwanza ina dalia zilizokwisha kunywa maji ya moto tangu alfajiri, ya pili rihani, mchicha na nyasi, ya tatu mabua machache ya tuberosi, bua moja kwa kila meza. Mikasi iko juu ya benchi, imesafishwa. Mama ulioko karibu na mlango, tafadhali fungua madirisha, halafu tuanze.